Fimbo ya kihisi na ncha ya nailoni

Kila mwaka nikigawa kazi za mradi kwa wanafunzi wa uhandisi mitambo, najua kabla sijafungua andiko hata moja kwamba kundi fulani litaniletea fimbo ya wasioona yenye kihisi. Haijawahi kukosa. Ni kipande cha bomba la maji, juu yake kimefungwa kisanduku chenye bodi ya Arduino, ile kompyuta ndogo ya kujifunzia, kihisi cha mawimbi ya sauti chenye macho mawili, betri na king'ora kidogo. Ukiielekeza ukutani inalia. Ukisogea karibu zaidi inalia harakaharaka. Vijana wanakuwa wameshaipa jina, na mara nyingi wameshaichorea na nembo.

Siwacheki. Kazi ile inawafundisha kusoma kihisi, kuandika programu, kulehemu waya bila kuunguza bodi. Ninachowauliza ni kimoja tu: nani ameiomba? Kimya. Halafu mmoja atajikaza: "Wasioona, mwalimu." Mmeongea na wangapi? Kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza.

Nafundisha Mbeya. Somo hili la kubuni vifaa saidizi lilianza kama kipengele kidogo ndani ya somo la usanifu wa mitambo, nikakivuta taratibu mpaka kikawa na muhula wake. Na kadiri ninavyolifundisha ndivyo ninavyozidi kuamini jambo ambalo halinipatii marafiki wengi idarani: tunawapa vijana alama nyingi mno kwa kubuni kitu kipya, na tunawanyima kabisa kwa kurekebisha kilichopo. Kwenye vifaa vya watu wenye ulemavu hilo ni kosa kubwa kuliko kwenye mashine nyingine yoyote, kwa sababu hapo karibu kila kitu ni marekebisho.

Turudi kwenye fimbo. Mwaka mmoja tulimwalika mwalimu mstaafu asiyeona aje kuijaribu mojawapo. Vijana wakamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaomba atolewe nje ya karakana kwa sababu, alisema, "humu ndani mmeshapanga vitu vizuri mno." Akaishika fimbo yao, akaipima uzito mkononi, akaanza kutembea kuelekea mgahawani. Fimbo ililia kwenye nguzo ya umeme. Ikalia kwenye ukuta. Ikalia walipopishana na wasichana waliosimama wakipiga soga. Walipofika kwenye mtaro wa maji ya mvua, ule mpana ambao mfuniko wake mmoja uliondoka zamani na hakuna anayejua ulikokwenda, haikulia hata kidogo. Kihisi kilikuwa kinatazama mbele, usawa wa kiuno, na shimo liko chini. Kijana aliyekuwa ubavuni alimdaka mkono. Mzee akacheka.

"Wanangu, hii fimbo inanipigia kelele kunipa habari za ukuta. Ukuta naujua. Nikiukaribia hata mlio wa viatu vyangu unabadilika. Mimi shida yangu ni mtaro."

Akaendelea, kwa upole wa mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote. Masikio ndiyo anayoyatumia kujua bajaji inatokea wapi, sasa kikilia kitu mkononi mwake muda wote atasikia nini? Na mvua za huku zinaanza Novemba, zinakwenda mpaka Aprili, pengine Mei. Kisanduku kile kina mfuniko wa nini? Kisha akafungua begi lake, akatoa fimbo yake mwenyewe, ile nyeupe ya kukunja, ya bomba la alumini. Ncha yake haikuwepo. Bomba lenyewe lilikuwa limesagika chini kama kisigino cha kiatu kilicholiwa upande mmoja, na pale palipobaki alikuwa amefunga kipande cha mpira wa tairi kwa waya wa kuchomea nyama.

"Mkiweza, nitengenezeeni hapa."

Hiyo ndiyo kazi iliyokuja mlangoni kwetu kwa miguu yake, na ilichukua muda kwa vijana kuiona kuwa ni kazi. Fimbo nyeupe inaonekana kitu kidogo, lakini ina historia ndefu ya kujaribiwa na watu wanaoitumia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1921 mpiga picha wa Bristol, Uingereza, James Biggs, alipopoteza uwezo wa kuona aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Miaka ya 1940, Richard Hoover, akifanya kazi na askari wa Marekani waliopofuka vitani, alirefusha fimbo na kufundisha namna ya kuitumia ambayo ndiyo inayofundishwa hadi leo: fimbo inapepea kushoto na kulia mbele ya mwili, na inagusa upande ule ambao mguu utakanyaga hatua inayofuata. Kwa hiyo kila hatua imeshakaguliwa kabla ya kukanyagwa. Mtaro unajulikana kwa sababu ncha inakosa ardhi. Kokoto inajulikana kwa mtetemo, lami kwa mlio. Ncha ndiyo kihisi. Ikiisha, mtu amebaki na mti wa kupungia hewa.

Na ncha hizo hazikuwepo katika duka lolote tulilouliza mjini. Fimbo huletwa kwa msaada, aghalabu karibu na tarehe 15 Oktoba, Siku ya Fimbo Nyeupe, watu wanapiga picha, basi. Spea haziji na sherehe.

Vijana wakachukua fito ya nailoni, wakaingia kwenye mashine ya kukereza, na baada ya mchana mmoja wakatoka na ncha nzuri sana, nyeupe, laini, yenye shina linaloingia ndani ya bomba kwa kubana. Mzee akafurahi. Mvua zilipokolea akarudi: ncha imeisha kwa chini, ambalo lilitarajiwa, lakini shina limegoma kutoka ili iwekwe nyingine. Hapo nikapata somo ambalo nisingeweza kulipanga. Nailoni hunywa maji na kuvimba. Wanafunzi walikuwa wamelisoma hilo kwenye jedwali la tabia za plastiki, wakalijibu kwenye mtihani, wakalisahau getini. Sasa lilikuwa limekwama ndani ya bomba la mtu.

Walihamia kwenye plastiki ya madumu ya mafuta ya kula, yale ya njano. Hiyo hainywi maji kwa kiasi cha kusumbua, inayeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, na unaweza kuishindilia kwenye kipande cha bomba la chuma kwa jiliwa, kile kibano cha karakana, ikapoa, ukaikereza. Ni laini kuliko nailoni kwa hiyo inasagika mapema. Lakini dumu moja kuukuu linatoa ncha nyingi, na mzee anazibadilisha mwenyewe sebuleni kwake kwa vidole. Vijana walibishana wiki nzima kama hilo ni bora au ni duni. Mimi ubishi ule niliupenda kuliko ripoti yenyewe.

Sasa njoo kwenye jopo la utetezi wa miradi. Kundi la kwanza likasimama na mkono wa roboti unaodhibitiwa na glovu. Makofi. Likaja kundi la ncha za fimbo. Mjumbe mmoja, mtu ninayemheshimu na ambaye hesabu zake hazina mpinzani, akageuza ile ncha mkononi, akauliza: "Kipya hapa ni kipi?" Kijana akaeleza habari ya maji na nailoni. Mjumbe akatikisa kichwa. "Nimekuelewa, lakini ubunifu uko wapi?" Fomu ya alama ilikuwa na sehemu ya ubunifu, yenye uzito mkubwa, na haikuwa na sehemu hata moja iliyouliza kama kifaa bado kinatumika. Mkono wa roboti ulipata alama za juu kuliko wote. Ulikuwa umefungwa kwenye ubao na hakuna binadamu aliyewahi kuuvaa.

Nimepambana na fomu ile kwa barua, kwa vikao, na mara moja kwa sauti ya juu kidogo kuliko inavyofaa ofisini. Kwa sasa nimepata mstari mmoja: "matengenezo na uendelevu". Ni alama chache. Nazitoa zote kwa mkono mpana.

Kuna karatasi moja nawabandikia ukutani wanafunzi wangu, nayo ni hatua nane za utoaji wa viti mwendo zilizomo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008, ulioandikwa kwa ajili ya nchi zenye rasilimali kidogo. Mtu anaelekezwa na kupewa miadi, anapimwa na kusikilizwa, anaandikiwa kiti kinachomfaa, fedha zinatafutwa na kiti kinaagizwa, kiti kinaandaliwa, anakalishwa na kurekebishiwa, anafundishwa kukitumia, kisha matunzo na kufuatiliwa. Nawauliza: mhandisi yuko wapi hapo? Wote wananyooshea kidole hatua ya tano, ya kuandaa kiti. Nawaambia basi mtanikuta kwenye zile saba nyingine. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 inasema zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaopata wanachohitaji ni asilimia 3 tu. Mtu akisoma hivyo anakimbilia kuwaza kiwanda. Mimi nikitazama vile vilivyokwisha kufika, vimelala nyuma ya nyumba na magurudumu yamepinda, nawaza spana.

Mfano ni mama mmoja anayeuza vitunguu Mwanjelwa. Kiti chake ni kile cha hospitali, cha kukunja, cha msaada, chenye kalio la turubai na magurudumu mawili madogo magumu mbele. Kiti kile kilibuniwa kwa sakafu ya vigae na mtu wa kukusukuma kutoka wodini mpaka chumba cha picha. Kikiletwa chini ya mlima Loleza kinakuwa na maisha mengine. Niliwapa kundi moja hesabu kwanza: mama na kiti na mzigo wake vina kilo 90. Kwenye mteremko wa moja kwa kumi na mbili, ule unaotakiwa kwenye njia za majengo, nguvu ya kupanda ni sawa na kuinua kilo saba na nusu muda wote, bila kuhesabu msuguano. Kwenye mteremko wa moja kwa sita, na njia za namna hiyo mitaani kwetu hazihitaji kutafutwa, ni kilo kumi na tano. Kwa mikono. Kwenye tope usiniulize.

Vijana wakaona hapo pana kazi ya kishujaa. Wakaanza kuchora kiti cha wenzo. Wazo si baya, na lina ukoo na nchi hii: Amos Winter alikuja Tanzania mwaka 2005 akiwa mwanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, akaangalia jinsi watu wanavyotumia viti mwendo, na baadaye yeye na wenzake wakatengeneza kiti chenye wenzo mbili na cheni ya baiskeli. Ukishika wenzo juu unapata nguvu ya kupanda, ukishika chini unapata mwendo. Gia ni mkono wako mwenyewe. Fizikia yake ni ya kidato cha pili, wenzo na egemeo, na ndiyo maana naipenda. Lakini sehemu ninayoifundisha ni ile ya baada ya kiti kupelekwa kwa watumiaji wa Afrika Mashariki. Majibu yaliyorudi yalikuwa kwamba ni kizito mno na kipana mno kuingia nacho ndani. Wakarudi mezani. Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani ambaye anatumia kiti mwendo tangu ajali ya pikipiki ya mwaka 1966, aliijenga kazi yake yote kwenye msingi huohuo, wa kukaa na mafundi wanaotumia viti katika nchi zao na kuiga walichokwisha kukigundua. Gurudumu pana la mpira la mbele ambalo wachonga viti wengi duniani wanalijua kwa jina la gurudumu la Zimbabwe halikupewa jina hilo kwa bahati.

Nikawaambia vijana wafunge daftari la michoro, waende wakashinde na yule mama siku nzima, na wasipime chochote.

Walirudi wamechanganyikiwa. Mama hapandi kilima. Mama anapanda bajaji. Asubuhi dereva wake wa siku zote anamfuata, anahamia kwenye siti kwa mikono yake, kiti kinakunjwa na kufungwa nyuma ya bajaji kwa mpira wa tairi, magurudumu yakiangalia juu. Mpira unapitishwa kwenye uma wa gurudumu la mbele kwa sababu ndipo panaposhika vizuri. Halafu bajaji inaruka mashimo yote mpaka sokoni, na uzito wote wa kiti unaning'inia kwenye uma ule mwembamba. Uma uliokuwa umechomelewa na kupasuka, ukachomelewa tena na kupasuka tena, haukuwa unavunjwa na barabara chini ya gurudumu. Ulikuwa unavunjwa na safari ya mgongoni mwa bajaji.

Suluhisho likawa ndoano mbili za nondo zilizochomelewa kwenye fremu, mahali penye unene, na dereva akaelekezwa kupitisha mpira hapo. Dereva ndiye aliyesema ndoano zielekee ndani, zisije zikachana siti yake. Beringi zilizokufa za mbele zilikuwa za inchi, saizi ambayo hatukuipata popote, kwa hiyo wakatengeneza kitovu kipya cha gurudumu kinachopokea beringi namba 6202: kipenyo cha ndani milimita 15, cha nje 35, upana 11. Ukiitaja namba hiyo kwenye maduka ya spea za pikipiki utaulizwa unataka ya bei gani. Sasa hivi nimeifanya sheria: hakuna kuchora kitovu kabla hujanionyesha risiti ya beringi uliyoinunua Mbeya. Walilalamika. Wamezoea.

Nikiwa hapohapo kwenye viti, niseme jambo ambalo vijana hulipita haraka kwa sababu halina bolti: mto wa kukalia. Mtu aliyeumia uti wa mgongo anaweza asihisi kwamba ngozi chini ya mifupa ya makalio inabanwa na kukosa damu. Kidonda kinaanza kimyakimya, na vidonda vya mgandamizo vinaua watu. Turubai lililolegea ndilo baya kuliko yote. Mto wa sponji ngumu chini na laini juu, uliochongwa ukapunguzwa pale mifupa inapokaa, ni kazi ya kisu na gundi, na kwangu una alama sawa na mradi wenye mota.

Kitu kilichowatikisa wanafunzi kuliko chochote kilikuwa maboksi. Kazi hiyo ilitoka Rungwe, kijiji cha juu ya Tukuyu, kwenye migomba. Bibi mmoja analea mjukuu mwenye mtindio wa ubongo, wakati huo akiwa na miaka minne. Tulipofika tukasalimiana kwa "mugonile" za kutosha, tukakaa jikoni, na mtoto alikuwa amelazwa kwenye mkeka chali, maana hana namna nyingine ya kukaa. Akiwa hivyo haoni chochote isipokuwa dari na moshi, na kulishwa uji amelala ni hatari, uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Alihitaji kiti cha kona: mgongo unaoshika mabega yaje mbele, nyonga na magoti vikunjike pembe mraba, kizuizi katikati ya mapaja asiteleze, na meza ndogo mbele.

Kiti cha mbao cha aina hiyo kwa seremala kina bei, na baada ya mwaka mtoto amekua. Ndipo nikawaambia kuhusu teknolojia ya karatasi aliyoianzisha Bevill Packer huko Zimbabwe, ambayo imesambaa katika nchi kadhaa za Afrika: unagandisha maboksi tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga, unakandamiza, unakausha, unapata ubao. Mmoja akasema wazi, "Mwalimu, tumekuja kusomea uhandisi, sasa tunapika uji?" Nikamjibu ndiyo, na usiunguze.

Tuliyaokota maboksi ya sabuni na ya bia sokoni. Kata boksi utaona mawimbi katikati ya karatasi mbili. Mawimbi yale yanakwenda upande mmoja, na ubao wako utapinda kwa upande huo. Kwa hiyo tabaka la pili unaligeuza likatize la kwanza, la tatu likatize la pili. Ni mantiki ileile ya plaiwudi. Kijana yule aliyelalamika ndiye aliyefanya jaribio la kuvunja kwenye maabara: tabaka sita zilizoelekea upande mmoja, dhidi ya tabaka sita zilizokatizana, zikiwekewa mzigo katikati mpaka zisalimu amri. Hakuniuliza tena habari za uji. Siku ya mwisho alisimama juu ya kiti, mtu mzima wa kilo sabini, na viatu vyake.

Adui wa karatasi ni unyevu, na Tukuyu ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi sana nchini. Tulipaka rangi ya mafuta mara tatu, tukaweka miguu minne ya kandambili kuukuu ili kisikae moja kwa moja kwenye udongo. Bibi alipokiona alikigongagonga kwa vidole, akatazama pembeni, akauliza kama panya hawatakila, kwa vile kimetengenezwa kwa unga. Swali zuri. Kwenye kinachofuata tulitia chumvi nyingi kwenye gundi, kwa ushauri wake yeye, na tuliendelea kumwachia paka wake kazi iliyobaki. Mtoto alikaa, akawaona kuku wanaopita mlangoni, na kwa muda mrefu hakumtazama mtu yeyote kati yetu.

Mara nyingine tunakwenda Iringa, kwenye karakana za Neema Crafts, kituo ambacho watu wenye ulemavu wanafanya kazi za mikono. Kilianza mwaka 2003 na vijana wachache viziwi waliokuwa wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, kikakua. Mgahawani wanaohudumu ni viziwi. Mwanafunzi wangu anayependa kuongea kuliko wote alikaa pale hajui kuagiza chai, mhudumu akamsogezea karatasi na kalamu kwa subira ya mtu anayepokea wageni wa namna hiyo kila siku. Nawapeleka huko kwa sababu vijana wengi wamewajua watu wenye ulemavu mahali pawili tu, njia panda wakiomba na kwenye matangazo ya misaada. Sikai nikahubiri. Wanakunywa chai, wanaangalia watu walio kazini, tunarudi.

Halafu kuna suala la malipo. Mwalimu mstaafu, mama wa Mwanjelwa, bibi wa Rungwe, wote walitumia muda wao kunifundishia wanafunzi. Nikapeleka maombi ya nauli na posho. Ofisi inayohusika ikaniuliza: "Hawa wanalipwa kama nani?" Kama wataalamu elekezi, nikasema. Wakaomba vyeti vyao. Kasma ya wataalamu elekezi inadai shahada. Nikaeleza kwamba mmoja ana zaidi ya miaka thelathini ya kutembea bila kuona katika mji wenye mitaro isiyofunikwa, na kwamba sijui chuo kinachotoa shahada hiyo. Haikusaidia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Vyote vinazungumzia ushirikishwaji. Fomu ya malipo haijavisoma. Kwa sasa wanalipwa kwenye kifungu cha "vifaa vya maabara", jambo ambalo linanikera kila ninaposaini.

Tulipokwama kwa sasa ni kwenye gurudumu la mbele. Tunataka gurudumu pana la mpira, lisilojazwa upepo, linalotengenezeka hapahapa kwa tairi kuukuu za malori, ambazo barabara kuu ya Tanzania na Zambia inatuletea bila kuziomba. Vijana wanakata visahani vitatu, wanavibana katikati ya bati mbili za chuma. Kiangazi gurudumu linakwenda vizuri. Mvua zikianza, tope na maji vinaingia kati ya visahani, gundi inaachia, visahani vinaanza kuzunguka kila kimoja kwa wakati wake. Fundi mmoja wa eneo la Sido, shirika la viwanda vidogo, ambaye amekuwa mwalimu wa pili wa somo hili bila barua ya ajira, anasema tutupe gundi, tupige ribiti nane za kutoboa mpaka upande wa pili. Kiongozi wa kundi anasema ribiti zitachana mpira kwenye matundu, na ana karatasi tatu za hesabu za kuthibitisha. Fundi amezitazama hizo karatasi kwa heshima, akazirudisha. Wamekubaliana kila mmoja atengeneze la kwake, yafungwe kwenye kiti kimoja, la ribiti kushoto na la gundi kulia, na mama wa Mwanjelwa akitumie masika yote. Yeye ameridhia kwa sharti moja, kwamba ndoano za bajaji zisiguswe.